Moja Nukta Kumi

Binti yangu wa mwisho ana kazi ambayo wageni wetu hawaielewi, nami nimechoka kuwaambia kwamba hatengenezi simu. Anatunza programu ya kujengea programu nyingine: inakusanya vipande, inavikagua, inaviunganisha. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Vipande vyenyewe huitwa maktaba, na kila maktaba ina matoleo yake yenye namba. Toleo jipya likitoka, binti yangu huliingiza katika orodha ya yanayokubalika. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, marehemu mume wangu, ambaye jina lake bado liko juu kabisa ya faili.

Ni msichana wa maneno machache. Hufanyia kazi kwenye meza ya chakula, upande wa dirishani, kompyuta ameiinua kwa kamusi zangu mbili kuukuu. Akifikiri hutafuna kifuniko cha kalamu, japo sijamwona akiandika kwa kalamu.

Asubuhi moja nilimkuta amekitafuna mpaka kimepasuka. Maktaba moja inayotumiwa na watu wengi ilikuwa imetoka toleo la 1.9 kwenda la 1.10. Alikuwa ameliongeza kwenye orodha tangu juzi, lakini programu ililikataa, ikidai kwamba ni la zamani mno. Mtumiaji mmoja wa mbali alikuwa ameshaandika, mbele ya macho ya wote, kwamba aliyetunga sehemu hiyo hajui kuhesabu, na jina lake lifutwe.

Mume wangu hakuwa mtu wa kusemwa hivyo. Nikamwambia binti arekebishe kimyakimya, aandike "mabadiliko madogo", basi.

"Haiwezekani, mama," akasema. "Kila badiliko huandikiwa sababu. Nikificha, wenzangu hawatalipitisha."

"Kwa hiyo utamwanika baba yako?"

Alinisogezea kiti, akanionyesha mstari wenyewe. Programu ilikuwa ikisoma namba za matoleo kama desimali, kwa hiyo 1.10 ikawa 1.1, ndogo kuliko 1.9. Kumbe kwenye matoleo nukta hutenganisha tu, na kumi huja baada ya tisa. Juu ya mstari huo marehemu alikuwa ameacha maelezo kwa Kiswahili, ilhali faili lote liko kwa Kiingereza: "Moja nukta kumi ni sawa na moja nukta moja. Mwalimu wa nyumbani amethibitisha."

Mwalimu wa nyumbani ni mimi. Ndivyo alivyoniita akitaka kunichokoza. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na mmoja. Nikaikumbuka siku yenyewe: yeye upande ule wa meza, mimi upande huu nasahihisha madaftari. Aliniuliza kama namba hizo mbili ni sawa. Nilimjibu bila kuinua macho kwamba hata mtoto wa darasa la tano anajua. Sikumuuliza zilikuwa namba za nini. Na yeye, aliyebishana na kila mtu, kwa namba hakuwahi kubishana nami.

Binti alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mstari ule aliujua tangu juzi, na aliyekuwa akimsitiri si baba yake.

"Andika," nikamwambia. "Sema kosa ni la mwalimu."

"Una hakika, mama? Watasoma wengi."

"Mimi nimesomwa ubaoni na watoto wa watu maisha yangu yote. Andika. Na jina la baba yako lisiguswe."

Akaandika. Aliifundisha programu kulinganisha namba kipande kwa kipande, akaongeza na jaribio la kuhakikisha 1.10 inakuja baada ya 1.9. Alipofika kwenye maelezo ya zamani akasita. Nilimwambia ayaache. Chini yake akaongeza maneno niliyomtajia: "Nukta ya toleo si nukta ya desimali. Mwalimu wa nyumbani amesahihisha."

Kesho yake mchana wenzake wawili walilipitisha badiliko. Yule mlalamikaji aliomba atafsiriwe mistari hiyo miwili, na alipoielewa akaandika kwamba jina libaki, na mwalimu asalimiwe. Binti akaniuliza amjibu nini. Nikamwambia amjulishe kwamba salamu zimefika, na kwamba malalamiko yake ya kwanza yana makosa mawili ya tahajia.