Tundu la Pili

Kaka yangu alinifundisha kukaa mbali na watu kabla hajanifundisha kushika mshipi. Ilikuwa baridi yangu ya kwanza Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Siku hiyo alikuja kunichukua Lawrence Heights, nilikokuwa nimepanga chumba, bila hata kupiga simu. Akasema vaa kila ulicho nacho, twende ziwani. Nikamuuliza ziwa gani na maji yote yameganda. Akasema hilo hilo lililoganda.

Ziwa Simcoe ni zaidi ya mwendo wa saa moja kaskazini. Unaipita Richmond Hill, alikokuwa akiishi na mkewe na binti yao mdogo, unaendelea mpaka majumba yaishe. Tulipofika nikaona watu wamekaa juu ya barafu, mmoja mmoja, kila mtu na ndoo yake na tundu alilotoboa kwenye barafu avulie samaki, na nafasi kubwa katikati yao. Mimi ni mtu wa Tanga. Nikimwona mtu amekaa peke yake kwenye baridi namna ile, najua ana shida. Nikaanza kumfuata aliyekuwa karibu nimsalimie, kaka akanivuta koti.

"Usiende. Huku mtu hafuatwi kwenye tundu lake."

"Nataka kumsalimia tu."

"Msalimie kwa mkono, hapo hapo ulipo. Akijibu, imetosha."

Basi akaanza kunisomesha. Aliyetangulia ndiye mwenye mahali. Hutoboi karibu naye hata ukiona anapandisha samaki mfululizo, na ukiona hivyo ndiyo kabisa usisogee. Hupiti nyuma yake ukikanyaga kwa kishindo, hupigi kelele, huchungulii ndoo yake wala hugusi kitu chake. Ukiondoka, unachomeka tawi kwenye tundu uliloliacha, mtu asije akatumbukiza mguu. Aliyasema yote kwa sauti moja, bila kuniangalia, na mimi nikacheka sana. Nilimwambia hawa watu wana adabu za makaburini. Akageuka akatazama upande mwingine, nikadhani nimemwudhi kwa kuwacheka wenyeji wake.

Alikuwepo mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akikodisha vibanda pale, ambaye kaka alifahamiana naye kwa kwenda mara kwa mara. Alinyanyuka, akachukua keekee yake ya barafu, chuma cha kuzungusha kwa mikono kinachokufika kifuani, akatoboa tundu hatua nne hivi kutoka kwenye lake. Akaweka ndoo kando ya tundu hilo, kichwa chini, iwe kiti, kisha akarudi kukaa na kutupa mgongo. Nikamuuliza kaka ndiyo nini sasa.

"Ndiyo karibu yake hiyo," akasema. "Huku hawakuambii karibu kwa mdomo. Mtu akikutobolea tundu, amekukaribisha. Usipokwenda umemtukana."

Tukaenda. Saa hiyo hiyo nikavua samaki mdogo mwenye mistari, mkubwa kuliko kiganja changu kidogo tu, na furaha niliyoipata utadhani nimevua papa. Nilirukaruka juu ya barafu. Mzee akatabasamu. Kaka alikuwa amekaa ameshika mshipi, na mara mbili tatu nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Nilidhani ni baridi.

Siku tisa baadaye nilikuwa ukumbini kwenye harusi ya Watanzania wenzetu. Mama mmoja ambaye hatukuzoeana naye akanishika mikono yote miwili, akasema, "Pole sana, mwanangu, kwa kufiwa na mama." Nikamuuliza mama nani. Ile sura yake sitaisahau. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia, na muziki unapigwa, na mimi nimevaa gauni la kuazima. Mama yangu alikuwa amezikwa siku moja kabla ya sisi kwenda ziwani.

Nilikwenda Richmond Hill usiku ule ule na lile gauni. Kaka hakukataa. Alisema ombi langu la kukaa nchini lilikuwa halijajibiwa, na mwenye ombi kama lile akitoka amejifungia mlango mwenyewe.

"Ningekuambia ungekwenda," akasema.

"Nani kakwambia ningekwenda?"

"Nakujua, mdogo wangu. Ungekwenda."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mimi ndiye binti pekee. Mama alikuwa akiwaambia watu mbele yangu kwamba siku yake ikifika nitamwosha mimi. Najua nisingewahi, maiti wetu hangoji ndege. Lakini ningelia siku ambayo wenzangu walikuwa wanalia. Badala yake kaka alinipeleka kuruka na samaki mkononi, yeye akijua, akanitazama nikicheka. Nilimwambia kuanzia leo huna dada. Nikaondoka.

Watu wakinuna hubaki nyumbani kwao. Mimi niliona kununa peke yangu hakuna faida, nilitaka anione nimenuna. Nilipopata kazi kwenye kiwanda cha mikate, na makaratasi yakakubaliwa, nikanunua gari bovu, koti la maana na keekee yangu mwenyewe. Kila Jumamosi ya baridi nikawa nakwenda ziwani. Kaka alikuwepo. Nilikuwa nahesabu hatua sitini kutoka kwake, natoboa, nakaa. Alinifundisha kwamba mtu hafuatwi kwenye tundu lake, basi nikayashika mafunzo yake kuliko mwanafunzi yeyote. Asubuhi alikuwa akinipungia mkono, nami nikimpungia kama ninavyompungia mtu nisiyemjua. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu kwa mwaka mzima.

Yalikwenda hivyo miaka kumi. Wifi yangu alinipigia kila Idi, na binti yao alikuwa akija kwangu kula maandazi na kunijibu kwa Kiingereza. Kwao sikukanyaga. Ninaona haya kuyaandika, lakini nilikuwa nikizipenda zile Jumamosi. Nilikuwa nikiingoja baridi. Wenzangu kiwandani waliilaani, mimi nikawa natazama kama maji ya kidimbwi cha nje yameanza kuganda. Nilijiambia ninafuata samaki.

Baridi ya mwisho kaka alikosekana Jumamosi nyingi. Nilikasirika, kama vile ameniangusha kwenye miadi. Halafu Jumamosi moja, barafu ikiwa imeanza kuwa ya kijivu kando kando, gari lake likaja na nikaona anayeliendesha ni binti yake. Binti akabaki ndani ya gari ufukweni. Kaka akashuka akaja polepole akiburuta vifaa vyake. Koti lilikuwa lile lile, lakini nikaona amelifunga kwa mkanda, na koti la baridi halifungwi mkanda kwa mtu mnene kama alivyokuwa yeye. Nililiona hilo. Sikulitafakari.

Akatoboa tundu lake. Akainama, mikono magotini, akapumzika. Kisha, badala ya kukaa, akasogea hatua nne upande wangu akaanza kutoboa jingine. Hilo lilimchukua muda mrefu. Alisimama mara tatu, mara ya tatu akakaa chini kabisa juu ya barafu, na keekee imesimama peke yake mbele yake. Nikadhani ataliacha. Akanyanyuka akalimaliza. Akaweka ndoo kando yake, kichwa chini, akarudi kwenye tundu la kwanza akakaa na kunipa mgongo.

Kulikuwa na baridi ya kuumiza meno, na tundu lisilo na mshipi huanza kuziba mara moja. Kila baada ya muda kaka alikuwa akinyanyuka na upawa wake wenye matundu, anakwenda kwenye lile la pili, anachota barafu nyembamba iliyojifunga juu, anaimwaga pembeni, anarudi. Hakuwahi kuingiza mshipi pale. Alikwenda mara nane au tisa. Kila akirudi alikuwa anatembea taratibu zaidi. Alasiri binti yake akaja kumsaidia kufunga. Kabla hawajaondoka kaka akachomeka tawi kwenye matundu yote mawili. Ndoo akaiacha.

Jua lilipokaribia kuzama nilizitembea zile hatua sitini. Tundu lilikuwa limefunga utando, ndoo iko pale. Nilisimama pale kama mwizi. Sikuigusa, nikajiambia kitu cha mtu hakiguswi.

Siku nne baadaye mvua ikanyesha, barafu ikapasuka, ziwa likafungwa. Kabla ya mwezi kwisha wifi akanipigia asubuhi nikiwa kazini. Alisema njoo hospitali, kaka yako amekataza usiambiwe lakini mimi siwezi tena. Saratani ya kongosho, tangu mwisho wa kiangazi. Huyu mtu alikuwa hawezi kufa bila kunificha kitu. Nilimkuta amelala, mdomo wazi, amebaki mifupa, na nilikaa kando ya kitanda chake siku tatu nikimsemesha bila kukoma. Miaka kumi ya maneno. Hakufungua macho.

Msikitini wanaume walimchukua kumwosha, sisi tukapelekwa chumba cha wanawake. Nilikaa nikisikia maji yakimwagwa nyuma ya ukuta. Binti yake akaja akakaa karibu yangu, akanilalia begani. Huyu mtoto maisha yake yote alinijibu Kiingereza, na siku hiyo akajikaza kwa Kiswahili.

"Shangazi, ile tundu ya pili ilikuwa ya wewe. Baba alisema usiambiwe, utajua. I saw everything from the car. Shangazi, ulijua?"

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yamevimba. Ana miaka kumi na minane, baba yake anaoshwa chumba cha pili, na anasubiri niseme.

Nilijua. Nilijua tangu keekee ilipozama mara ya pili, kabla barafu haijatoboka. Kila alipokwenda na ule upawa nilijua anafanya nini, na nilikaa nikimhesabia, nikasema moyoni, leo na yeye angoje. Nilikuwa nimeshaamua nitakwenda Jumamosi inayofuata. Nilikuwa hata nimepanga kukanda maandazi.

"Sikujua, mwanangu," nikamwambia. "Nilidhani anatafuta samaki."

Akashusha pumzi, akarudisha kichwa begani kwangu. Nikaona jinsi kulivyo kwepesi kumficha mtu unayempenda, unafungua mdomo halafu unaufunga. Nyuma ya ukuta maji yalikuwa bado yanamwagwa.