Mlango wa Chumba cha Skwoshi

Asubuhi ile niliondoka kwenye shamba la mkonge bila kujua ninakwenda wapi. Begani nilikuwa na mfuko wa nguo, mfukoni bisibisi, na kwapani raketi ya skwoshi ambayo haikuwa yangu. Nilikuwa nimetoka kuung'oa mlango wa klabu. Majuto sikuwa nayo. Nilikuwa na hasira ya kunifikisha Dar es Salaam kwa miguu.

Mimi ni mtu wa Ugweno. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu kila nilichouliza nilijibiwa kwa fimbo, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhamahama. Shambani hapo, tambarare ya Same, nilifika kukata mkonge. Miiba ikanishinda, nikapewa kazi ya kufagia klabu. Klabu ilikuwa imeachwa na mameneja wa Kizungu, pamoja na viti vilivyoliwa na mchwa na chumba kimoja kirefu, cheupe, kisicho na dirisha hata moja. Niliuliza ni chumba cha nini mpaka mlinzi akachoka nami.

Ni cha skwoshi. Watu wawili wanaingia na mpira mdogo mweusi, wanaupiga ukutani kwa zamu. Mlango uko ukuta wa nyuma, na lazima ufungwe, maana wenyewe ni sehemu ya ukuta. Ukishafungwa, aliye nje haoni kitu. Ndiyo maana juu yake ilijengwa roshani, mahali pa mtu kukaa, kutazama na kuhesabu pointi.

Nilivutiwa na jambo moja katika mchezo ule. Ukiona pigo lako litamuumiza mwenzako, unazuia mkono, unasema "leti," na pointi inarudiwa. Hakuna anayekuita mwoga. Nimezunguka sana, na adabu ya namna hiyo sikuwahi kuiona kwenye foleni ya sukari.

Kocha wa timu ya watoto waliocheza humo alikuwa bwana stoo wa shamba. Sabuni ilipokuwa adimu, watu wakifua kwa majani ya mpapai, yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo, na kila nyumba ilijua ufunguo huo unamfungukia nani. Baadaye biashara ikaachiwa huru, mitumba ikamwagika Same mjini, naye akawa analeta raba kwa watoto wa timu. Yaani wavulana. Wasichana walicheza peku na kuokota mipira, mpaka alipotokea binti mmoja wa miaka kumi na mitatu hivi. Mama yake alifanya kazi korona, kwenye mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Binti huyo aliwafunga wavulana wote, yeye peku, wao na raba zao. Ndipo naye akapewa raba.

Mimi nilikaa roshani kila jioni, nikihesabu kwa sauti. Hakuna aliyenituma. Binti akawa anabishana nami kutoka chini.

"Kaka, umenikata pointi."

"Mpira umegonga chini mara mbili."

"Basi kanunue miwani."

Kisha siku moja nikakuta ngazi ya roshani imetiwa kufuli. Kocha alisema watoto wakitazamwa wanavimba vichwa. Akamwagiza binti aje peke yake, wenzake wakishaondoka, kwa mazoezi ya mashindano ya Moshi. Nilikuwa nafagia baraza walipoingia. Mlango ukafungwa. Nikatega sikio nisikie sauti ya mpira, sikuisikia hata mara moja. Kabla sijafika mlangoni, mlango ukafunguka, binti akatoka, raba mkononi. Aliziweka chini pale pale. Raketi akanipa mimi.

"Nishikie, kaka," akasema, akaenda zake.

Aliyelalamika wa kwanza ni kocha. Alidai binti ana kiburi, na kwamba hatarudi timuni mpaka apige magoti mbele ya wazazi na kuomba radhi. Wazazi wakaitwa, wakaja, wakajaa barazani, wengi wao wakinukia sabuni yake. Binti akaambiwa ajieleze.

"Alifunga mlango, halafu hakuanza kucheza," akasema. "Nikamwambia afungue, akacheka. Nikajifungulia mwenyewe."

Kisha mkata mkonge mmoja, ambaye mwanawe alikuwa timuni, akajikohoza.

"Mwanangu, huo mchezo si unachezwa mlango umefungwa? Au ulitaka mwache wazi, mbuzi waje kuokota mpira?"

Watu wakacheka. Hicho kicheko ninacho masikioni hadi leo. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba kuhusu mlango alisema kweli. Nikasimama, nikawaambia mlango unafungwa, ndiyo, lakini roshani haifungwi. Wamuulize kwa nini aliitia kufuli. Kocha hakunigeuzia hata shingo. Akasema tu kwamba siku hizi mfagiaji naye amekuwa refa. Wakacheka tena. Watu wazima, wenye mabinti.

Mama wa binti alimwinamia mwanawe. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Piga magoti, mama, yaishe."

"Sipigi."

Mama alimtazama muda mrefu. Alikuwa na mengi ya kupoteza; nyumba yenyewe ilikuwa ya shamba. Kisha akamshika mkono, wakapita katikati ya watu bila kuaga. Kesho yake akampandisha Gonja, kwa dada yake ambaye ni nesi hospitalini. Kambi nzima ya wafanyakazi ikasema mtoto kamshinda mama. Mimi nasema barazani pale palikuwa na mtu mzima mmoja tu, na ni huyo mama.

Kazi yangu nayo ikaishia hapo, nikafukuzwa. Asubuhi iliyofuata nikalegeza bawaba, nikaulaza mlango sakafuni, skrubu nikazitupa chooni. Pasipo mlango hakuna skwoshi, mpira unaishia majanini, lakini pia hakuna mtoto anayefungiwa. Najua waliuweka mwingine. Natumaini uliwasumbua.

Njia panda, lori la magunia ya mpunga lilikuwa linaelekea Bendera, na utingo akanipungia nipande. Nilikuwa sina sababu ya kwenda Bendera, wala ya kutokwenda. Nikabadili raketi kwapa, nikaona kwamba kitu pekee nilichokuwa nacho chenye mwenyewe ni hicho. Nikaanza kupanda Gonja kwa miguu, nikiwatukana wazee wa barazani mmoja mmoja, na mlima ni mrefu, kwa hiyo sikumsahau yeyote.

Nesi nilimkuta kwake, gauni jeupe la kazi bado mwilini. Nikamwamkia.

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama."

"Basi kaa hapo nje."

Akanihoji. Shamba gani, kazi gani, kwetu wapi, raketi nimeipataje. Binti akatoka, akaichukua, akazikagua nyuzi kwa kidole kabla hata ya salamu.

"Kaka, mpira umeleta?"

Nilikuwa nao. Nikaletewa sahani ya makande. Nilipomaliza nikasema baraza litanitosha kwa kulala.

"Nyumba hii ina wasichana watatu," nesi akasema. "Mwanamume nisiyemjua halali hapa, hata barazani. Nenda kwa jirani, ng'ambo ya migomba, mwambie nimekutuma. Na usininunie."

Nilinuna. Nilichukua mfuko wangu uso ukiniwaka. Mimi, niliyefukuzwa kazi kwa ajili ya huyo huyo binti! Nilivuka migomba nikiwa nimekwisha kumwongeza nesi kwenye orodha yangu ya matusi, ndipo miguu ikapunguza mwendo yenyewe. Mimi nilikuwa nimeleta raketi. Kocha yule alileta raba.

Jirani alikuwa mzee mjane, mpiga kengele wa kanisa. Aliupokea ujumbe wa nesi bila kushangaa, akanionyesha kitanda cha kamba kwenye chumba cha kuhifadhia kahawa. Jua lilikuwa bado halijazama. Kutoka kwenye ukuta wa stoo ya hospitali, upande wa pili wa migomba, nikasikia mpira, tap, tap, na sauti ya nesi ikihesabu kila pigo kuwa pointi. Alikuwa anakosea kabisa.

Mzee akauliza nitakaa mpaka lini. Nikamwambia sijui, nikatafuta msumari, nikatundika mfuko.