Uvimbe Uliongoja Mavuno

Zamani hapa Kyuso hakuna mwanamke aliyevuna ndengu zake peke yake. Kulikuwa na mwethya: leo wanawake wote kwako, kesho wote kwangu, na malipo ni sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe. Sasa kila mtu ana simu yake na kibarua wake. Nimelalamika miaka mingi. Leo naandika kushukuru, na mkono haujazoea.

Jirani yangu Syombua ni mjane wa miaka thelathini na minane, mwenye ulimi mkali. Misimu mitatu nyuma, akipepeta ndengu, aligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Hospitalini walichukua kinyama kwa sindano, wakakipima, wakamwambia si saratani, ila kikiendelea kukua kiondolewe. Aliogopa kisu. Shangazi yake Ndinda alikatwa titi zima, na mkono wake haukuinuka tena. Basi Syombua akawa anasema, "Baada ya mavuno." Mavuno yakapita, uvimbe ukafika ukubwa wa yai la njiwa.

Siku moja nilikuwa nangoja sukari dukani kwa Arbaco, mke wa Abdille mnunuzi wa mbuzi. Syombua naye alikuwapo, akimweleza habari za uvimbe wake. Wanawake wale wawili hawakunijali. Mzee dukani ni kama gunia.

"Hata mimi nilikuwa nao," Arbaco alimwambia. "Nairobi wanakutia ganzi, wanaingiza uzi mwembamba wa leza, joto lake linauchoma uvimbe humo humo ndani, nao wanautazama kwenye kioo cha mashine. Nilitoka siku hiyo hiyo."

"Na kovu?"

"Litafute wewe. Mimi silioni."

"Nitaenda baada ya mavuno."

"Dada, wewe na hizo ndengu mmeoana?"

Lakini ndengu zilikuwa zimekauka, na zikiachwa juani siku chache maganda hupasuka, punje zikamwagika. Mwongeli, jirani yetu, aliposikia, alizunguka nyumba kwa nyumba, kisha akamwambia Syombua, "Enda. Zako tutachuma sisi." Nilicheka kimoyomoyo. Nani angekuja?

Syombua alienda Jumanne. Jumatano niliwaona wanawake kumi na mmoja shambani mwake, wakiimba nyimbo za mama yangu na kukosea nusu ya maneno. Sikuwasahihisha.

Alasiri Syombua mwenyewe akatokea njiani, akachukua gunia. Walikuwa wakimtarajia baada ya wiki, amefungwa bendeji kifua kizima.

"Tumeacha kazi zetu kwa sababu ya mgonjwa," Mwongeli alisema, "na mgonjwa anatembea kutushinda."

"Ni plasta tu. Daktari amekataza nisibebe mzigo wiki moja."

"Basi weka gunia chini, upike isyo. Na chumvi usitie kama unalisha ng'ombe."

Miezi sita baadaye alirudi kupigwa picha. Uvimbe umenywea hadi punje, na daktari anasema mwili bado unaumaliza polepole. Titi lake lipo, mkono wake unainuka.

Msimu huu mwethya ulianza kwa Mwongeli. Syombua alifika kabla ya wote. Mimi nilipeleka kuni, nikaombwa niwafundishe yale maneno wanayokosea.