Minza na Ua wa Miiba

Mimi simpendi mtu anayesali mpaka ugali unapoa, na Minza alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliolewa na Ndaki, Msukuma aliyehamia kijijini kwetu Mwamkulu na ng'ombe wake, na boma lao lilipakana na shamba langu la mahindi. Hashiki jembe bila ishara ya msalaba. Hakamui bila ishara ya msalaba. Siku moja alijikwaa kwenye kisiki, akasema, "Asante, Bwana."

"Asante ya nini na kidole kinavuja damu?" nikamwambia.

"Dada Tereza, nikimwacha Mungu kwenye vitu vidogo, kwenye vikubwa nitampata wapi?"

Nikacheka. Tulikuwa jumuiya moja, tukisali nyumba kwa nyumba kila wiki, na nilimpenda hata aliponichosha.

Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi akajifungua mapacha, Kulwa na Doto. Kwa watu wa boma lile, mama wa mapacha na watoto wake hawavuki lango mpaka waoshwe dawa, pombe imwagwe kwa mizimu, na mama aimbe matusi ya mapacha mbele ya watu. Akivuka kabla ya hapo, ng'ombe wanakufa. Minza akakataa. Basi akabaki ndani ya ua wa miiba, mvua za kwanza zikaja, wenzake tukapanda, yeye bado yumo.

Mume wake alikuwa mbugani na mifugo. Aliporudi alisema, "Boma ni la mama yangu," akaenda zake tena. Mwanaume mzima! Katekista wetu Josephat naye akaja, akasimama nje ya ua na kupaza sauti, "Simama imara, Minza!" Halafu akaenda kula kwake. Alaa! Kusimama imara ni rahisi ukiwa upande wa nje.

Mimi nilimwambia nilichoona kina akili. "Imba tu hayo matusi, mdogo wangu. Mungu si mtoto, anajua umelazimishwa."

"Matusi ningeimba," akasema. "Ila wanataka niseme watoto hawa nimepewa na mizimu. Nikisema hivyo leo, kesho wakiugua nitamlilia nani?"

Na kweli Doto akaugua. Nilikuwa shambani asubuhi nikasikia kelele, nikakimbilia bomani, nikafika nje ya ua. Mtoto anahema mbavu zinaingia ndani, Minza amemkumbatia anaelekea langoni. Mama mkwe wake, Bibi Mbuke, akajilaza chini, akaliziba lango lote.

"Nivuke mimi," bibi akasema. "Nivuke, nife."

Kumruka mkwe ni kumzika akiwa hai, hakuna mkamwana anayefanya hivyo. Na yule bibi hakuwa mtu mbaya, nasema ukweli. Kule walikotoka aliwahi kuona zizi zima likiteketea, na aliamini ni kwa sababu ya mama wa mapacha aliyetoka bila kuoshwa. Alikuwa analia pale chini, machozi na vumbi.

Minza akapiga magoti, akamwekea mkono begani. "Bwana, mlinde Mayu, mama yangu huyu, na ng'ombe wake." Nilitaka kumzaba kibao. Mtoto anakufa, wewe unaombea ng'ombe! Kisha akainuka, akaja mbio upande wangu, akampitisha Doto juu ya miiba. Mikono yake ilichanika mpaka kwenye viwiko.

"Mpeleke, dada. Kimbia."

Nikakimbia. Nikampeleka zahanati mjini, akachomwa sindano, akapona. Nikarudi naye nikiimba njia nzima, mjinga mimi. Bibi Mbuke alikuwa langoni.

"Huyo ametoka bila kuoshwa. Hapa haingii."

"Basi mama yake atoke amnyonyeshe!"

"Atoke. Ila akitoka asirudi. Kulwa ni wa boma, na Mwandu ni wa boma."

Mwandu ndiye mtoto wa kwanza wa Minza, alikuwa ameanza tu kutembea, ameshika kanga ya mama yake. Nilimwona Minza akimtazama Mwandu, akamtazama Doto mikononi mwangu, na akakaa chini palepale.

Tangu siku ile Doto akalala kwangu. Kila asubuhi nilimpeleka kwenye ua, mahali miiba ilipopungua, na Minza alijisogeza mpaka titi likapita. Kabla mtoto hajashika, alisali kwanza. Siku moja hasira ikanipanda, nikamfokea.

"Huyo Mungu wako yuko wapi, Minza? Yuko wapi?"

"Yupo humu," akasema. "Angekuwa huko nje tu, ningeshatoka."

Nikalia mimi. Yeye hakulia, alikuwa anamwangalia mwanawe akimeza.

"Mgeuze, dada," akasema. "Anyonye na hili, hajashiba."