Nani Atatupokea Kule?

Ndani ya tramu ya kwenda stesheni ya Gare du Midi, huku Ulaya, mama mmoja wa Kivu alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anavuta zipu ya sanduku, anatazama simu. Yeye na mumewe walikuwa wanakwenda mapumziko, ya kwanza maishani mwao, katika mji wa mahoteli kwenye jangwa la Misri.

"Nani atatupokea kule?" akauliza.

"Hôtel itatupokea," mume akajibu.

"Hôtel iko muntu?"

Akampigia dada wa kanisani, anayeishi mtaa wa Laeken, kumwuliza kama ana ndugu kule Misri. Hana. Akampigia mwingine.

"Bon, maman, tulia," mume akasema. " Ni vacances. Tutakamata taxi."

Mimi nikageukia dirishani nikitabasamu. Wasomaji wangu, sisi tunaojiita wasafiri huuliza tu kama chumba kina kiyoyozi.

Tramu ikapunguza mwendo. Mama akanyoosha kidole kwenye milango ya stesheni.

"Nilishafika fasi bila muntu wa kunipokea mara moja tu. Ni hapa. Na mutoto mgongoni. Alors, usiniambie taxi."

Tuliposhuka, mume aliyaegemeza masanduku ukutani, akatoa simu yake mwenyewe, akampigia mjomba.

"Allô, tonton? Uko na muntu kule Misri?"

Basi la kuwapeleka uwanja wa ndege lilikuwa limeshawasha injini. Nami, ambaye sikuwa nikisafiri popote, nikajikuta nimesimama kando yao, napekua majina kwenye simu yangu, nikiwatafutia mtu.