Nilivyowatafutia watu kumi vyumba Dubai, mama mkwe akakataa kupanda lift

Wakuu, nawasalimu kwa heshima, mlioko nyumbani na mliotawanyika kama mimi.

Haya yalinikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale nitakapoonekana mjinga, mjue nilikuwa mjinga kweli.

Ilikuwa mwezi wa nane, 2018. Nilikuwa storekeeper kwenye warehouse moja pale Airport Freezone, mwaka wangu wa tano Dubai. Nilikuwa nalala Al Rigga, bedspace, watu sita chumba kimoja, na mkataba wa chumba ulikuwa na jina la mtu ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona.

Kazi yangu ni kuhesabu maboksi. Nayahesabu yakiingia, nayahesabu tena yakishapangwa. Tabia hiyo imenifuata hadi nje. Hata tray ya mayai naihesabu, muuzaji akinitazama.

Mke wangu, mama Nafula, alikuwa Busia na watoto wetu wawili. Mwaka huo ukoo wake ukaamua kuja kutembea, watoto waione ile theme park kubwa ya ndani, yenye paa, ambayo walikuwa wameitazama kwenye simu hadi simu ikachoka. Shemeji yangu Wycliffe anauza mahindi mpakani na mahindi yalikuwa yamemkubali, akabeba tiketi za ndege. Mimi nikabebeshwa vyumba.

Hesabu ikawa hivi. Mama mkwe, mmoja. Wycliffe, mkewe na watoto watatu, sita. Mke wangu na wawili wetu, tisa. Na mimi, kumi.

Nikarudia. Kumi.

Sasa wakuu, hapa sikilizeni kama mna familia kubwa. Hotel za karibu na park zinakubali watu wazima wawili na watoto wawili kwa chumba. Ukiwa kumi unapewa vyumba vitatu au vinne, kimoja ghorofa ya pili, kingine ya tisa, na "connecting door" wanakuahidi kwa neno inshallah. Mkikutana, mnakutana kwenye foleni ya breakfast.

Kwa hiyo nikahamia hotel apartments za Al Mankhool. Nilizunguka siku zangu mbili za off, nzima. Nikapata moja yenye vyumba vitatu vya kulala, vyoo viwili, jiko, na sebule ya kutosha mkutano wa harusi. Nilihesabu vitanda. Nilihesabu hatua kutoka lift hadi mlangoni, maana magoti ya mama mkwe ni mabovu. Ishirini na sita. Kurudi, ishirini na sita. Nikabishana na dada wa reception hadi akaniongezea magodoro matatu na breakfast ya watoto, nadhani ili niondoke.

Mke wangu alikuwa na ombi moja tu. Kwetu magharibi ya Kenya, wengi mnajua, mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa yetu, mama akija kumsalimia binti yake anakaa kiti cha karibu na mlango, na ikifika saa kumi jioni anaanza kutafuta mkoba wake. Mke wangu aliniambia kwenye simu, "Baba Nafula, nataka siku nne tu mama asitafute mkoba."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hotel si kwangu. Hotel ni ya Mwarabu.

Nilijiona nina akili sana.

Wakafika saa nane mchana, joto la kuchemsha chai bila moto. Watoto waliingia lobby wakanyamaza wote watano kwa pamoja, jambo ambalo Wycliffe alisema halijawahi kutokea. Sakafu ilikuwa inang'aa hadi wakajiona miguuni mwao.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye sofa, leso begani. Mimi nilisimama mbali kidogo, kama inavyopasa. Sisi hatuzungumzi moja kwa moja. Neno likitoka kwake linapitia kwa Wycliffe au mke wangu, hata kama mimi nimesimama hatua nne na nasikia kila kitu.

Akamwambia Wycliffe, "Muulize huyo binti, kwenye kitabu chake nyumba imeandikwa jina la nani."

Wycliffe akauliza. Dada wa reception, Mfilipino mpole kabisa, akageuza computer akaonyesha jina. Langu.

Mama akaitikia kwa kichwa, akaweka mkoba mapajani.

"Basi hiyo ni nyumba ya baba Nafula," akasema. "Nendeni mkapumzike. Mimi nitakaa hapa. Hiki kiti ni kizuri."

Mke wangu akamwelezea kwamba hotel ni ya kupita tu. Mama akasema sawa, nyumba ya kupita, lakini ni ya kupita ya nani? Wycliffe akajaribu, akaambiwa akalishe watoto. Saa kumi ilipofika, mama akaufungua mkoba, akatazama passport yake iko, akaufunga. Mke wangu alipoona hivyo akageukia ukutani.

Wakuu, nilihesabu vitanda, vyoo na hatua. Jina sikulihesabu hata mara moja.

Nikaenda kwa dada wa reception nikajaribu kumweleza mila kwa Kiingereza. Alisikiliza vizuri, akasema, "But sir, it is not your house. It is our house." Nikamwambia hilo ndilo nimelisema tangu mchana.

Aliyeniokoa ni mlinzi wa mlangoni. Anaitwa Wabwire, Mganda, wa Busia upande wa pili wa mpaka. Alikuwa ametutazama muda wote.

"Boss, yule mama ni mkwe wako? Yule aliyezaa mke wako?"

Nikasema ndiye.

"Na wewe ulitaka kumlaza kwako." Akatingisha kichwa kama amenikuta naiba. "Wewe bwana, Dubai imekuharibu. Mpatie nyumba yake."

Hapo ndipo akili ilipowaka. Nikarudi reception, tukavunja booking ile ya vyumba vitatu. Ikatoka ya vyumba viwili, ghorofa ya tano, kwa jina na passport ya mama. Na studio moja kwa jina langu. Dada akasema studio iliyo wazi ni ghorofa ya saba.

Wabwire alikuwa amenifuata. "Saba? Utalala juu ya kichwa chake?"

Nikarudi kwa dada. Naomba ya chini. Akasema ya chini haina view. Nikamwambia madam, view ndiyo shida yangu. Akatafuta akapata ghorofa ya tatu, upande mwingine wa jengo, dirisha linatazama mitambo ya AC. Sijawahi kufurahia dirisha hivyo.

Karatasi ya usajili ikapelekwa kwa mama kwenye sofa. Aliisoma yote, mbele na nyuma. Akaandika jina lake taratibu, majina yote matatu. Akapewa kadi ya mlango. Akaigeuza, akauliza kama ndiyo ufunguo, akaambiwa ndiyo. Akaifunga kwenye pembe ya leso, mahali pa kufungia pesa.

Kisha akasimama.

"Wycliffe, wakaribishe watu wapande."

Wakapanda lift wote na mke wangu na watoto wangu. Mimi nikatumia ngazi.

Asubuhi saa tatu, Nafula akagonga mlango wangu. Alikuwa na miaka kumi wakati huo. "Baba, nyanya amesema ukuje kwake."

Park inafunguliwa saa tano, na tiketi zilikuwa za siku hiyo hiyo. Lakini nyinyi mngesema nini? Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa mkwe anayeitwa kwa mama mkwe, na sasa naitwa ghorofa ya tano. Nikavaa shati la kola. Nikashuka supermarket, maana mkwe haendi mikono mitupu: sukari, majani ya chai, mkate. Nikapanda ngazi.

Wycliffe akanifungulia. "Karibu kwa mama," akasema, na hakuwa anatania.

Nikapewa kiti cha karibu na mlango.

Mama alikuwa jikoni haonekani, lakini harufu ilionekana. Alikuwa amenunua kuku wa friji jana yake jioni, akamwacha kwenye sinki ayeyuke. Mkwe akija, kuku anachinjwa. Huyu alikuwa ameshachinjwa nchi nyingine, mama akasema Mungu ataelewa. Taabu ikawa moja. Kuku wa friji hana firigisi, na firigisi ndiyo ya mkwe. Kumbe Wycliffe alikuwa ametumwa maduka matatu hadi akapata zinazouzwa peke yake kwenye pakiti.

Sahani ikaletwa mbele yangu na ugali wa unga uliosafiri kutoka Busia.

Kuku mmoja, firigisi kumi na nne.

Nikahesabu tena. Kumi na nne.

Nikala zote. Saa tano ikapita, saa sita ikapita, tiketi zinaungua, na mimi ninayelalamika dakika mbili za basi niliendelea kutafuna. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameketi sakafuni kati ya watoto, akisukwa nywele na mama yake, aliyekuwa ametoka jikoni.

Park tulifika saa nane. Wakuu, picha zinadanganya, ile kitu ni kubwa kuliko picha. Unaingia mlango mmoja, joto linakatika kama limezimwa switch, na juu yako kuna paa ambalo mwisho wake huuoni, na chini yake treni zinapita kichwa chini miguu juu watu wakilia kwa furaha. Watoto walikimbia. Mimi nilisimama, mkono uliokuwa umeshika mtoto sasa umeshika hewa.

Mama mkwe hakutazama treni. Alitazama paa kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza Wycliffe, "Walioezeka hapa, walisimama wapi?"

Miaka mitano Dubai, sikuwahi kuuliza.

Siku ya kuondoka nilienda reception kulipa. Mama akashuka, akafungua pembe ya leso akatoa kadi. Dada akaipokea. Halafu mama akanigeukia. Wycliffe alikuwa pale, mke wangu alikuwa pale, lakini akanigeukia mimi.

"Baba Nafula, mwambie binti nyumba yangu nimeifagia. Na ufagio nimeurudisha mahali pake."

Nikatafsiri. Nikatafsiri tena, kama ninavyohesabu.

Usiku huo sikuwa na la kuhesabu. Nilirudi Al Rigga kwenye kitanda changu kwenye chumba cha mtu nisiyemjua, nikafikiri kwamba miaka mitano niko mji ambao hata visa yangu ni ya kampuni, na yule mama alifika saa nane mchana, magharibi akawa na nyumba, na asubuhi akakaribisha mgeni.

Funzo langu ni hili. Ukiwatafutia watu wako vyumba, hesabu vitanda, hesabu vyoo, piga bei uwezavyo. Halafu muulize mkubwa wao kimya kimya chumba kiandikwe jina la nani. Na mkwe akae ghorofa ya chini.

Wenye mila zao zilizowahi kukwama kwenye lobby, shusheni hapa. Na kama kuna aliyejenga lile paa, au anayemjua aliyelijenga, tafadhali ajibu. Mama bado anauliza, na siku hizi ananiuliza mimi.