Doa Lisilo na Pete

Dada yangu Dorsaf anasomesha hisabati sekondari hapa Nabeul. Kwa miaka sita amekuwa akiandika hesabu moja tu: tone likikauka juu ya kioo, uchafu wake hubaki wapi. Nilimcheka sana. Siku hizi sicheki.

Hesabu ilisema tone la kahawa huacha pete, kwa kuwa ukingo wake hung'ang'ania kioo na maji hukimbilia huko yamebeba unga. Lakini matone aliyodondosha kutoka birika letu yaliacha doa lililojaa, bila pete. Tasnifu yake ya chuo kikuu ilitakiwa Jumatatu. Ijumaa alikuwa bado anafuta, macho mekundu.

"Kunywa kahawa, uache kuichora," nikamwambia.

Akanywa, akasonya. "Hatem! Hii ina maua!"

"Lini haikuwa nayo, bibi wee?"

Kwetu kahawa haipikwi bila maji ya maua ya michungwa, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kuyahesabu. Mafuta ya maua huulegeza uso wa tone, unga ukarudi katikati. Dorsaf akayaingiza kwenye mlinganyo.

"Mama, unatia matone mangapi ya maua?"

"Matatu. Kama bibi yenu."

Kwa matatu, hesabu ilitoa pete. Kwa sita, pete. Alipofika kumi na mawili, doa la karatasini na la kiooni yakalingana sawasawa.

"Mama hutia matatu tu. Basi nimekosea," akasema. "Miaka sita, Hatem! Yote bure."

Jumamosi asubuhi tulisimama mlangoni mwa jikoni. Mama alitia matone matatu, akanusa. Akatia matatu mengine, akanusa. Akaongeza matatu tena, na matatu tena.

"Maua ya mwaka huu ya ovyo kabisa," akanung'unika. "Hayanukii."

Jiko zima lilikuwa linanukia hadi koo likaniwasha. Na huyu ndiye ambaye kila majira ya kutengeneza maji ya maua wanawake wa mtaa humletea chupa zao, anuse, aseme ipi njema. Sisi tulikuwa tumeizoea kahawa hiyo ilivyozidi maua kidogo kidogo, wala hatukushtuka.

Dorsaf akakaa kitini, akalia.

"Unalia nini, mwanangu?" mama akauliza. "Hesabu imekataa?"

"Imekubali, mama."